Mama Koili na Wageni wa Wodini

Wifi yangu hakuwa mchoyo. Chakula angekupa, nguo angekuvulia. Lakini ufundi wake hakumpa mtu, hata mtoto aliyemzaa mwenyewe.

Mtaani walimwita Mama Koili. Tangu kaka yangu alipofariki, alikuwa akisuka transfoma katika chumba cha uani, nyingi za kiwanda kimoja kinachotengeneza stabilaiza, zile mashine za kulinda friji na televisheni umeme unapopanda na kushuka. Za mafundi wengine zilinguruma. Watu walizirudisha dukani wakilalamika kwamba zinakoroma usiku kucha kuliko baba mwenye nyumba. Za wifi yangu zilikaa kimya, na hakuna aliyejua kwa nini. Bintiye alizungusha waya wa shaba kuwa koili tangu asubuhi, akapanga mabati membamba ya chuma, vidole vikamchubuka. Ikifika zamu ya vanishi, ile dawa ya maji inayoganda na kushikilia waya na mabati, mama mtu anamtoa nje na kutia komeo.

"Nifundishe basi, mama. Siku ukiumwa nitafanyaje?"

"Nikuonyeshe ili ukafungue karakana yako? Nakujua wewe."

Nilimwambia kwamba mtoto ni wake na kazi itabaki kwa mtoto. Akanijibu kwamba mimi sijazaa, nisimfundishe kulea.

Kiwandani walimdekeza. Afisa manunuzi, kijana mtanashati mwenye maneno matamu, alikuja mwenyewe kuchukua mzigo, akimwamkia kwa heshima zote. Ndiye aliyemwomba asipokee kazi ya mtu mwingine. "Sisi na wewe ni washirika, mama. Shida yako shida yetu." Basi wifi akawafukuza wateja wake wengine kama kuku walioingia jikoni, na kwa matusi juu yake. Lakini huko kiwandani mkurugenzi alikuwa na jina jingine kwa ajili yake. Alimwita hatari. Swichi wananunua kwa watu watatu, makasha kwa wawili, ila transfoma zote zinatoka kwa mjane mmoja mwenye presha. Akifa kesho, wafunge milango? Afisa manunuzi akaagizwa aiondoe hatari hiyo. Haya niliyasikia baadaye, maji yameshamwagika.

Presha ikapanda kweli. Alianguka uani, tukamkimbiza hospitali, akalazwa. Ndugu zake wa tumbo moja walituma salamu kwa simu. Mimi na binti tukawa tunapokezana kumwogesha na kumlisha, naye analalamika kwamba tunamwogesha kwa maji ya baridi.

Siku moja saa ya kutazama wagonjwa wakaingia afisa manunuzi na injinia wa kiwanda, wamebeba matunda, juisi na blanketi jipya. Wifi alilia. Akamshika yule kijana mkono, akamwambia kwamba leo amejua ndugu zake ni nani. Nilisikia hasira. Sisi tuliokuwa tukimwaga beseni lake tulikuwa nani?

"Mungu atakuponya, mama," kijana akasema. "Ila hatutaki ulale hapa na mawazo ya kazi. Hivi ile vanishi huwa unaifanyaje?"

Wifi akamtazama bintiye, aliyesimama miguuni pa kitanda. Nikajua sasa atasema, na mtoto atasikia, angalau.

"Wewe, nenda ukaniletee maji ya moto."

Binti akachukua chupa, akatoka. Mlango ulipofungwa ndipo alipoyasema yote. Koili anaipasha moto kwanza mpaka unyevu wote utoke. Anaizamisha ingali ya moto, anangoja mpaka isitoe hata povu moja. Halafu anakaza nati za mabati mara ya pili, kabla vanishi haijashika.

"Ni hayo tu?" injinia akauliza.

"Hayo tu, mwanangu."

Wakamfunika blanketi vizuri, wakaaga.

Alipotoka hospitali alipanga meza yake na kungoja oda. Oda haikuja. Simu iliita bila kupokelewa. Akaenda mwenyewe mpaka getini, na mlinzi akamweleza kwamba siku hizi transfoma zinasukwa humohumo ndani. Afisa manunuzi alitoka, hakumkaribisha kiti. "Pumzika, mama. Afya kwanza." Wifi akawaendea wale wateja aliowafukuza. Mmoja alimwacha asimame juani mpaka alipochoka, kisha akamwambia atamtafuta yeye akimhitaji.

Nyumbani dawa zilihitajika, na sufuria halichemki kwa majuto. Binti akaomba kazi kiwandani, kwenye meza za koili, akapata. Mama mtu alimnunia wiki nzima, kisha akaanza kula alicholeta. Nilicheka peke yangu, nawaambia kweli, kicheko kibaya.

Mikono ya wifi ilikuwa imeshaanza kutetemeka jirani alipoleta stabilaiza yake inayonguruma. Binti aliipokea. Akaifungua pale uani, mchana, mlango wazi, watoto wa jirani wakipita. Akaitoa transfoma, akalegeza nati, akaipasha moto taratibu, akaizamisha kwenye vanishi, akainama kutazama povu mpaka likaisha. Kisha akachukua spana. Wifi alikuwa ameinuka kitini, amesimama juu yake.

"Nani kakufundisha?"

"Injinia. Siku ile ile niliyoanza. Anamfundisha kila anayeingia."

"Alisema ameyajulia wapi?"

"Hakusema kitu. Ndio utaratibu wa kiwanda, mama." Binti akakaza nati ya kwanza, akahamia ya pili. "Hebu sogea kidogo, unanizibia mwanga."