Nyumba za Mtopanga Hazifutwi

Mahfoudha akikataa jambo, amekataa. Hapa Bamburi, katika ofisi yetu ya wapima ardhi, tumeshamzoea. Kazi yake ni kusafisha michoro ya kompyuta kabla haijageuzwa kuwa ramani. Mistari ya nyumba ikiacha mwanya mwembamba kama unywele, jicho halioni, lakini kompyuta ya ramani itasema hiyo si nyumba na kuitupa. Basi yeye huvuta mstari hadi ugusane na mwenzake, nyumba baada ya nyumba. Kazi ya kuumiza macho.

Mchoro wa mtaa wa Mtopanga ulikuja na nyumba tele, zote ni nyumba bila ardhi. Mtindo huo tunaujua Mombasa: kiwanja cha tajiri, nyumba yako. Alikuwa karibu kumaliza, mara akatokea Bramwel, mkubwa wetu, akitafuna hamri la chai ya asubuhi.

"Dada, futa nyumba zote. Mwenye kiwanja anauza, anataka kionekane kitupu."

"Kitupu vipi, na watu wamo?"

"Watu wataambiwa. Wewe futa."

Kufuta ni kubonyeza mara moja tu, maana nyumba zote hukaa tabaka moja la mchoro. Wallahi nilichukia hata mimi niliyekuwa meza ya pili.

"Sifuti," akasema Mahfoudha. "Hamri hilo unalotafuna ni la Nyevu, anayetuuzia kila asubuhi. Na nyumba ya Nyevu ni hii hapa, karibu na kisima."

"Basi kazi huna."

"Mwenye kutoa riziki ni Mungu, Bwana Bramwel, si wewe." Akainuka, akamsogezea kiti. "Haya, keti ufute mwenyewe. Lakini pembeni hapa pameandikwa aliyechora ni Mahfoudha. Ukifuta nyumba, futa na jina langu, uandike lako."

Sote tulijua maana yake. Kesi ikizuka, anayeitwa mahakamani ni mwenye jina.

Bramwel akaketi kwa kiburi. Akafuta jina la Mahfoudha. Akaandika herufi mbili za jina lake, akasita. Hamri likabaki nusu juu ya meza. Akazifuta zile herufi, akainuka.

"Rudisha jina lako," akasema, akatoka bila kututazama.

Mahfoudha hakuwa na haraka. Aliifunga kwanza nyumba ya Nyevu, mstari ukagusana na mwenzake, kisha akaandika jina lake, kwa herufi kubwa kuliko za mwanzo.