Mkono Ambao Mgeni Hakuushika

Nakumbuka, mwanangu, asubuhi moja ambayo hadi leo naijua kwa nguo nilizovaa: shati jeupe, suruali ya kaki, na kalamu mbili mfukoni. Nilikuwa msimamizi katika kiwanda kidogo cha kubangua korosho nje ya Masasi, na siku hiyo tulitarajia wageni. Kiwanda hicho hakipo tena, na jina lake halitakusaidia kitu.

Kwanza nikueleze kazi yenyewe, maana walaji wengi hawaijui. Ganda la korosho lina mafuta makali yanayounguza ngozi. Mbanguaji asiye na glavu hujipaka majivu au mafuta ya nyonyo, na hata hivyo baada ya wiki chache vidole huwa vyeusi, kisha huchunika. Glavu tulikuwa nazo. Zilikuwa stoo, ndani ya maboksi, na ufunguo nilikuwa nao mimi. Meneja alisema zinapunguza kasi ya kazi, nami sikubisha.

Miongoni mwa wabanguaji alikuwepo mama yangu mdogo, tuliyemwita Mama Daria. Ndiye aliyenilea Newala baada ya mama yangu kufariki, miaka ambayo maji tuliyafuata bondeni, akipanda mlima na ndoo kichwani kabla jua halijachomoza. Kazi ya kubangua nilimtafutia mimi, nikaona nimelipa fadhila.

Siku mbili kabla ya ugeni, meneja aliniita. Wanunuzi wa ng'ambo wangekuja kuona jinsi korosho zao zinavyobanguliwa, kwa hiyo nitoe glavu, na wenye mikono mibaya wapumzike nyumbani. Nikaandika orodha kwa mwandiko mzuri. Jina la Mama Daria lilikuwa la kwanza. Nyumbani nilimwambia tu, "Mama, kesho kutwa pumzika." Sikumwambia sababu.

Siku ilipofika, wanawake walivaa glavu wakaanza kutaniana.

"Msimamizi, leo tunampasua nani?"

"Punguza sauti, daktari, mgonjwa atazinduka!"

Nikacheka nao. Ilikuwa rahisi kucheka.

Wageni walikuwa wawili, mwanamume na mwanamke, watu wa adabu na maswali mengi. Mkalimani nilikuwa mimi. Kiingereza nilijifundisha kwa vitabu vya kuazima, na pale kiwandani hakuna aliyekijua ila meneja na mimi. Elewa hapo, mwanangu: kila neno la wanawake wale lilipita mlango mmoja, na mlango ulikuwa mdomo wangu.

Tulipofika mwisho wa ukumbi, Mama Daria akaingia. Jirani alikuwa amemwambia kuna wageni wanaouliza habari za wafanyakazi. Alikuwa amevaa kitenge chake cha kanisani. Mgeni mwanamume akatabasamu, akamnyooshea mkono. Mama akaificha mikono yake ndani ya kitenge.

"Waambie siwezi kushikana mkono, vidole vimeungua," akaniambia. "Waambie na wengine wamebaki nyumbani."

Mgeni akanitazama, akingoja. Na meneja akanitazama.

Nikasema kwa Kiingereza: "Ni mila ya huku. Wanawake wazee hawashikani mkono na wageni."

Yule mgeni akarudi hatua moja, akaweka kiganja kifuani, akainama kwa heshima kubwa. Mama hakujua Kiingereza, lakini hakuhitaji kukijua. Mtu aliyeambiwa kwamba vidole vimeungua hainami, huomba avione. Akageuka, akatoka bila kuaga.

Jioni nilimkuta amefunga mzigo wake.

"Umewaambia nini hata mgeni akainama?" akauliza.

"Kwamba ni mila ya huku, wanawake wazee hawashikani mkono na wageni."

"Mila ya nani, baba? Ya Wamakonde, ya Wamakua, au ya kiwanda? Mimi nimezeeka huku sijaisikia."

"Mama, wangefunga kiwanda. Watu wangekosa kazi."

"Basi ungewaambia mimi ni kichaa. Ningekusamehe haraka. Lakini umechukua heshima ya wazee wetu ukafunikia kidonda."

Kesho yake alipanda gari la Newala. Nilibaki na chumba, redio na sufuria moja.

Misimu miwili baadaye niliikuta pakiti ya korosho zetu katika duka moja Dar es Salaam. Nyuma iliandikwa kwamba mikono iliyozibangua imelindwa. Mteja aliyekuwa mbele yangu aliisoma kwa sauti, akaridhika, akanunua. Alikuwa mtu mwema. Uongo wangu ndio uliomuuzia. Nami nikaondoka na pakiti yangu, kwa sababu ya anwani ya wanunuzi iliyokuwa juu yake.

Niliwaandikia barua ya kurasa tatu: stoo, ufunguo, orodha, na ile mila niliyoitunga. Wakaja wakaguzi bila taarifa. Glavu zikatoka kwenye maboksi moja kwa moja, na mimi nikatoka kazini. Kazi ilisimama wiki kadhaa, na wenzangu wakasema nimewatilia mchanga kwenye kitumbua chao. Niliyezoea kuitikia salamu sokoni nikawa napita kama upepo.

Nilipanda Newala kumweleza mama. Alinisikiliza hadi mwisho, vidole vyake vimetulia mapajani. Ngozi ilikuwa imerudi, ila alisema havihisi tena moto wala baridi.

"Wa ng'ambo umewaambia," akasema. "Na wale uliowaandika kwenye orodha, umewaomba radhi?"

Sikuwa nimewaomba. Nikaenda, nyumba kwa nyumba, Lisekese hadi Lupaso. Wengine walinikaribisha. Wengine walisikia sauti yangu wakakaa kimya ndani. Sikuwalaumu. Mama hakurudi kuishi nami, na sasa amelala Newala. Nami chakula changu nakila peke yangu.

Mwanangu, mficha maradhi kilio humfichua. Ukiwa na kampuni siku moja, ifungue milango siku ambayo haina wageni, useme kasoro yako kabla hujaulizwa. Ukiwa katikati kama mimi, fikisha neno kama lilivyotoka. Na ukiwa mnunuzi, usiridhike na maandishi ya pakiti. Uliza nani hakuitwa siku ya ukaguzi, kisha uulize tena. Usidhani dhambi ni ya meneja pekee. Yeye aliagiza, mimi niliandika, wenzangu walicheka, mgeni aliinama, mteja alilipa. Kila mmoja wetu angeweza kuusimamisha uongo ule mahali pake.

Mungu akupe ujasiri wa kusema kweli mapema, ungali na watu wa kukaa nao. Akubariki wewe na wale usiowajua waliokuandalia chakula.