Winga Aliyeondoka na Jezi

Sogea karibu, nikueleze habari ya winga. Hata kama mpira huujui utanielewa, maana nitakwenda polepole.

Winga ni mchezaji anayekaa pembeni, karibu na mstari wa chokaa. Kazi yake ni kukimbia na kusubiri, na kusubiri ndiko kugumu zaidi. Mbele yake anasimama beki mmoja, na hao wawili wanavumiliana mpaka mechi iishe. Kipindi cha kwanza winga anamkimbiza yule beki, anampeleka huku, anamrudisha kule, mara nyingi bila faida yoyote inayoonekana. Watazamaji wanaweza hata kumzomea. Kipindi cha pili miguu ya beki inakuwa mizito, na hapo ndipo winga anapopata chake. Likumbuke hilo, litatusaidia mbele.

Mwaka 2017 nilikuwa nauza mikoba katikati ya Johannesburg, na Jumapili nilikuwa kocha. Timu yetu ilikuwa ya Watanzania wengi, Mkenya mmoja, na Warundi waliojiita mabeki. Tulicheza kwenye uwanja wa wazi upande wa Doornfontein, nyasi pembeni na vumbi katikati.

Winga wetu wa kushoto alipohamia Durban tukabaki na pengo. Ndipo nikaletewa habari kwamba winga wa timu ya Wakongo amenuna na anataka kuja kwetu. Ile ilikuwa timu ya kanisa moja lililosali ghorofani, katika jengo la zamani mjini. Kisa chake kila mtu mtaa wa Joubert Park alikuwa keshakisikia. Mapumziko ya mechi moja aliambiwa avue jezi ampishe mwenzake, akakataa. Akatoka uwanjani, akavuka barabara kwenye roboti, ndivyo tunavyoziita kule taa za kuongozea magari, akaenda zake nyumbani amevaa jezi ya timu. Hakurudi tena.

Tulikutana kumjadili kwenye mgahawa wa mama mmoja wa Tanga, chai na chapati mezani. Nahodha wetu, mtu wa Dar aliyekuwa mlinzi wa duka la nguo, hakungoja chai ipoe.

"Kocha, huyo simtaki. Leo kaondoka na jezi yao, kesho ataondoka na goli letu na nyavu zake."

"Nyavu tunazo?" aliuliza kipa wetu, Mzanzibari asiyeacha neno lipite.

"Natoa mfano."

"Mie namtaka. Huyu tuliyemweka kushoto sasa, akipewa mpira anaurudisha kwangu. Eish, yakhe, nimechoka kupigiwa mashuti na wenzangu."

Watu walicheka, nahodha hakucheka. Sababu alikuwa nayo. Msimu uliotangulia tulimchukua mshambuliaji mwenye hasira, na haukupita muda akawa ameigawa timu mafungu mawili ambayo hayakusalimiana hata yakipishana kwenye ngazi za jengo moja. Nahodha ndiye aliyehangaika kuwapatanisha. Nikawaomba wanipe mpaka Jumapili.

Winga mwenyewe alikuwa fundi cherehani kutoka Lubumbashi. Nilimkuta kwenye karakana ya chumba kimoja, anashona sketi za shule. Aliniwekea kiti kabla sijaeleza kilichonileta. Ile jezi ilikuwa nyuma yake, imefuliwa, imepigwa pasi, imetundikwa msumarini.

"Muzee, mi siko mwizi," alisema aliponiona naitazama.

"Basi nieleze."

"Mi minaendaka misa ya asubui. Misa inaisha, minafika ku kiwanja wa kwanza. Bale ba timu bangali kanisani kwabo. Batu hawatoshi, banasema: fundi, vaa mayo, cheza. Minacheza. Mapumuziko, ba kwaya banafika, banasema: fundi, toa mayo. Kila siku ya Mungu ni vile tu."

Mayo kwao ndiyo jezi. "Na siku ile?"

Akasimamisha mashine. "Ile siku beki alichoka, muzee. Nilimuona, anashika magoti. Nilimuchosha mi. Sasa mwingine aje tu amupite?"

Unaona kwa nini nilikuomba ukumbuke lile la beki? Mtu huyu alikuwa anapewa nusu ya kazi isiyo na malipo, na ile nusu tamu anapewa mwingine, halafu watu wanashangaa amenuna. Hata hivyo sikumwahidi nafasi. Nilimwambia jezi irudi kwanza, na irudi kwa mkono wake mwenyewe. Mimi nitamsindikiza.

"Batanicheka."

"Watakucheka," nilisema. "Nitakuwa pale pale na wewe."

Jumapili tulifika uwanjani kwao mapumziko yalipokaribia. Filimbi ilipolia, wanaume waliingia getini wakiwa na suti na viatu vinavyong'aa, mmoja bado anaimba chinichini. Wenzao uwanjani walikwishaanza kuvua. Jezi zilipita mkono kwa mkono, zimelowa jasho, na waliovua wakajifunika makoti na kusimama kwenye baridi. Hakuna aliyelalamika. Jezi zao zilitosha wachezaji wa ndani tu, na ibada yao ilikuwa ndefu, basi wakatafuta njia ya kila mtu kucheza. Aliyewahi anaanza, aliyechelewa anamaliza. Kwa beki au kiungo, mgawanyo huo ni wa haki kabisa. Mtu wa pembeni hakuna aliyemfikiria.

"Fundi," mmoja alipaza sauti, "unarudisha mayo ao umefuata kaptula?"

Walicheka, naye akatabasamu huku jasho likimtoka. Akamkabidhi jezi kwa mikono miwili shemasi aliyeongoza timu, mtu mzima mwenye tai, ambaye ndiyo kwanza alikuwa amefika na wanakwaya. Shemasi akaipeleka puani.

"Inanukia kuliko zote. Ungekaa nayo kidogo tena."

Nikamvuta pembeni nikamuuliza: huyu fundi anachezaje?

"Banasema anacheza muzuri. Lakini ana roho ya moto."

"Wanasema? Wewe mwenyewe hujamwona?"

Akaiangalia ile suti yake, akaliangalia geti walilopita sasa hivi. "Mi minafikaka na ba kwaya," alisema taratibu. "Nikifika, yeye anakuwa alishatoka."

Akarudi kwa fundi, akamshika bega. "Enda na bo. Siku moja nitaomba ruhusa kanisani, nikuje nikuone."

Jioni nilimpigia nahodha simu.

"Jezi karudisha?"

"Karudisha."

"Wamemtukana?"

"Wamemtania."

"Akafanyaje?"

"Akatabasamu."

"Aje. Ila macho yangu yako kwake."

Mechi yake ya kwanza nasi ilikuwa siku ya upepo. Kipindi cha kwanza alikimbia sana, akapoteza mipira mingi, na nahodha alinitazama mara kadhaa kwa jicho la nilikwambia. Filimbi ya mapumziko ilipolia, wengi wetu tulisogea nyuma ya goli kuswali Alasiri, kama kawaida yetu. Yeye alibaki peke yake kwenye mstari.

Tuliporudi, nahodha akiwa mbele amebeba mkeka, tulimkuta kifua wazi. Jezi alikuwa ameivua, ameikunja kama nguo ya dukani, ameshampa Mrundi wetu wa akiba. Mrundi alikuwa ameishika tu, hajui aifanye nini.

"Unakwenda wapi?" nahodha aliuliza.

"Si ni mapumuziko?"

Nahodha akauweka mkeka chini, akaichukua jezi kutoka kwa Mrundi, akaikunjua mwenyewe.

"Vaa, bwana, baridi hii. Beki wao umemwona?"

"Anashika magoti."

"Haya. Mipira yote naleta kwako."

Akavaa. Mikono ilimkwama kwenye jezi kwa haraka, na kipa akamwambia cherehani zimemharibu, hajui nguo inaingilia wapi.

Kwa hiyo ukiletewa mchezaji aliyenuna, nawe unawaza umchukue au umwache, nenda uwanjani kwao. Fika kabla mechi haijaanza, simama upande anaochezea yeye, na usiondoke mpaka filimbi ya mwisho.