Dua Yangu ya Kwanza Mishomoroni

Chekeni mapema tumalizane, maana mimi mwenyewe hadi leo nikipita pale stejini Mishomoroni, kituo cha matatu mjini Mombasa, natembea upesi upesi huku nikiangalia simu ambayo wala haijaita. Ni aibu, siikatai. Ila mjue pia kwamba sijawahi kuwa na furaha kama niliyokuwa nayo siku niliyofika pale, na balaa lote lilianzia hapo hapo kwenye furaha.

Mimi ni mtu wa Bukoba, Tanzania. Kanisa letu lilikuwa limenichagua mimi, kijana ambaye hata ndevu zilikuwa hazijakubaliana ziote au zisiote, niende Mombasa kuwa mmisionari. Nilikuwa sijawahi kuvuka mpaka wowote maishani mwangu, kwa hiyo wiki nzima sikulala, nilikuwa nafunga begi na kulifungua. Tatizo lilikuwa moja tu. Mzee wa kanisa la kule, Mzee Katana (hatukuwa tumeonana, nilimjua kwa jina tu), alikuwa ameshawaambia wakubwa wangu kwamba wao waliomba mtu mzima, wakaletewa mtoto wa kulelewa, na kwamba akiniona sifai atanipandisha basi nirudi nilikotoka. Na mama yangu alikuwa ameshatangazia mtaa mzima kwamba mwanawe ni mmisionari wa nchi za nje. Sasa nirudi niseme nini?

Nikaamua nifike kama mtu mzima. Kwetu Bukoba mwanamume anayetaka heshima, awe Mkristo awe Mwislamu, anavaa kanzu na koti juu yake. Harusini kanzu, kanisani kanzu, kwenye posa ndiyo usiseme. Mama alikuwa amenishonea moja nyeupe, nzuri kweli, na kabla hatujafika mpakani nikampigia Mama Sidi, kiongozi wa akina mama aliyepangiwa kunipokea stejini, nikamwambia asihangaike, atanitambua kwa kanzu na koti jeusi. Akauliza, "Kanzu?" kisha akasema, "Haya mwanangu." (Lile swali ningelisikiliza, lakini wapi.) Tukavuka mpaka, laini yangu ya simu ikafa.

Nikabadili nguo chooni basi liliposimama njiani, nikavuka feri ya Likoni nimesimama wima ili kanzu isikunjike, nikimtabasamia kila mtu, nikafika Mishomoroni mchana jua likiwa utosini. Siku za safari zilikuwa zimeniingiliana kichwani, sikujua kwamba ilikuwa Ijumaa, tena saa ya watu kutoka msikitini. Nilichoona ni barabara imejaa wanaume waliovaa kanzu, wengine na makoti kabisa, nikajiambia, jamani, kumbe Mombasa ni kwetu!

Upande wa pili wa barabara, nilikuja kujua baadaye, Mama Sidi wa watu alikuwa anamsimamisha kila mwenye kanzu na koti akimuuliza, "Mhubiri, ni wewe?" Mmoja alimjibu kwa upole, "Mama, mimi ni fundi wa simu."

Mimi nimesimama na begi langu nikishangaa, akaja mzee mmoja mrefu, kanzu yake inang'aa, akanipa mkono.

"Asalaam aleikum. Watoka safari, mwanangu?"

Nikamwamkia shikamoo, nikamwambia natoka Tanzania, Bukoba. (Niliambiwa watu wa pwani wote wanasalimiana hivyo, hata Wakristo, kwa hiyo salamu haikunishtua.)

"Mbali huko. Na umekula?"

"Bado, mzee."

"Basi njoo. Mgeni hapiti kwangu na njaa leo, wallahi."

Kosa langu ni hili: sikumuuliza jina. Niliona nikiuliza nitaonekana mtoto. Mzee mwenye heshima, kanipokea stejini, kaniuliza kuhusu safari, atakuwa nani kama si Mzee Katana? Nikamfuata nikiwa nimevimba kichwa, tukaingia kwenye hema kubwa lililopambwa, mikeka imetandikwa, masinia ya pilau yanapita, na spika kubwa imefungwa juu ikitazama barabarani. Nikawaza, haya yote kwa ajili yangu? Nusura nilie. Kijana mmoja akaniona kichwa wazi, akanivisha kofia, nikaihesabu kuwa zawadi yangu ya kwanza ya umisionari.

Dalili zilikuwepo, sikatai. Wanawake walikuwa uani peke yao (lakini hata kanisani kwetu wanawake wanakaa upande wao). Walipoanza kula walisema Bismillahi (nikasema hawa ni watu wa pwani, ndiyo Kiswahili chao). Hata bwana harusi nilimwona, amekaa mbele na joho lake, nikahitimisha kwamba kanisa limeunganisha sherehe mbili ili kubana matumizi, jambo ambalo kanisa lolote lingefanya. Na pilau lile, ndugu zangu, lilikuwa na nyama laini na kachumbari ya ndimu, na kila nikipunguza kasi wenzangu wa sinia walikuwa wananisogezea minofu.

Ndipo yule mzee akasimama na kipaza sauti. Akasema leo wamepata mgeni kutoka mbali, na dua ya msafiri ina uzito mbele ya Mungu, basi mgeni awaombee maharusi kabla watu hawajatawanyika.

Nikajua huu ndio mtihani wa Mzee Katana, hapa ndipo anapotaka kuona kama mimi ni mtu mzima. Nikashika kipaza sauti, nikafumba macho, nikaomba kama sijawahi kuomba. Nikaombea nyumba yao amani, hema likaitikia "Amin." Nikaombea riziki, "Amin." Nikapandwa na mori, nikasema Mungu wape watoto, tena usiwape kwa kusitasita, wape mapacha, "AMIN," mpaka huko uani wakapiga vigelegele. Nilikuwa nimefika, ndugu zangu, nilikuwa juu kabisa, na kwa sauti yangu yote nikamalizia, "Ni katika jina la Yesu Kristo, Bwana na Mwokozi wetu."

"Amin," akajibu bwana harusi, aliyekuwa ameshazoea kuitikia. Peke yake.

Nikafumbua macho. Watu mia na zaidi wananitazama, hakuna anayetafuna. Spika ikapiga mlio mrefu barabarani. Pale pale vitu vyote vikaniingia kwa mpigo, kofia, Bismillahi, Ijumaa, na kwamba mzee huyu si Mzee Katana, na jasho likaniteremka mgongoni chini ya kanzu ya mama. Nikawaza, nimekula chakula cha watu, nikawaharibia harusi yao, na kesho Mzee Katana ananikatia tiketi, na atakuwa na haki.

Mzee akanisogelea, akauliza polepole, "Mwanangu, wewe ni padri?"

"Si padri, mzee. Ni mhubiri. Nimetumwa kanisa la hapa."

"Na hii kanzu?"

"Kwetu ndiyo nguo ya kanisani."

Akanitazama, mabega yakaanza kumtikisika, kumbe anacheka. Akachukua kipaza sauti. "Jamaa, mgeni huyu ni wa jirani zetu, amekosea mlango. Lakini amewaombea watoto wetu kwa moyo safi, na aliyeombwa ni Mungu. Kuleni."

Watu wakacheka, masinia yakarudi kazini, na hapo akatokea Mama Sidi mlangoni akihema, leso mkononi. Alikuwa amenisikia kwenye spika. Aliniambia baadaye kwamba pale stejini watu wote walikuwa wamegeuka kuitazama spika, yeye akasema moyoni, huyo ndiye wangu.

Yule mzee, Mzee Twahir kwa jina lake (hatimaye niliuliza), alikataa nisindikizwe na Mama Sidi peke yake. Akanishika mkono hadi kanisani, mkono wa pili kabeba bakuli la pilau lenye kifuniko. Mzee Katana alikuwa mlangoni, mfupi, kakunja mikono, na alikuwa amesikia kila neno. Nikainamisha kichwa nikisubiri hukumu.

"Twahir," akasema, "nimekuwa jirani yako tangu tuko vijana, na hujawahi kuniita kuomba kwenye harusi yako hata moja."

"Hukuwahi kuvaa vizuri," akajibu Mzee Twahir.

Mzee Katana akanitazama kuanzia kofia hadi viatu. "Ingia," akasema, "Mama Sidi amekupikia kuku." Na nilimla yule kuku mzima, na wali wake wa nazi, nikiwa sipati pumzi, na kila tonge lilikuwa tamu kwa sababu nilikuwa sirudi Bukoba.

Mwaka uliofuata Mzee Twahir alikuja mwenyewe kanisani, kabeba bakuli lile lile la pilau, kuniambia binti yake, bibi harusi wa siku ile, amejifungua. Mapacha. Mabinti wawili, na hawalali usiku, na bwana harusi ananitafuta. Tangu hapo nimeapa: Ijumaa sivai kanzu, mwenyeji namuuliza jina kabla sijanawa mikono, na maharusi nawaombea afya tu. Idadi namwachia Mungu.