Jiwe la Mpaka la Hamutali

Hamutali, mjane jirani yangu, alikuwa na shamba moja tu la mizabibu, aliloachiwa na marehemu mumewe. Alipalilia mwenyewe, akapogoa mwenyewe, na ulimi wake ulikuwa mkali kuliko mundu wake. Pelatia, tajiri mwenye shinikizo la kukamulia mafuta ya zeituni, akamsogezea jiwe la mpaka. Mwaka wa kwanza hatua mbili, wa pili tano, wa tatu kisima cha mjane kikawa upande wa Pelatia. Mtu ana mashamba kila kilima, bado anamega kashamba ka mjane! Roho gani hiyo?

Hamutali akawa haondoki langoni pa mji, wanakoketi wazee kuamua kesi.

"Mashahidi?" wakamwuliza.

"Shafani mchungaji aliona."

"Mmoja hatoshi, mama. Sheria yataka wawili."

"Na Mungu je, ni kipofu? Mhesabuni yeye wa pili!"

Wakacheka, Pelatia akicheka kuwashinda wote. "Bwana ni mvumilivu, dada," mzee mmoja akamwambia.

"Mvumilivu kwa nani? Kwa huyu anayekunywa maji yangu?"

Sikukuu ilipofika, Pelatia akapeleka madhabahuni kondoo mnono, na wazee walewale wakala naye, midomo inang'aa mafuta. Nilichemka! Nikamwuliza Mungu waziwazi: unaona haya, na bado umenyamaza?

Baada ya sikukuu wazee wakatangaza: leo tunafunga shauri, jiwe libaki lilipo. Hamutali hakulia. Alinigeukia mimi, niliyeketi kati ya watu pale langoni. "Jirani Elika, hebu niambie, Mungu anangoja nini?"

Nikakosa pa kuficha uso. Siku ile ya kwanza nilikuwa darini naanika tini, nikamwona Pelatia na watumwa wake wakilibingirisha lile jiwe. Niliona yote. Lakini zeituni zangu hukamuliwa kwake, basi nikafyata ulimi. Miaka mitatu namlaumu Mungu kwa kunyamaza, kumbe aliyenyamaza ni mimi, na Yeye alikuwa ananingoja.

Nikasimama. "Shahidi wa pili ni mimi."

Kicheko cha Pelatia kikakatika. "Zeituni zako utakamulia wapi, wewe?"

"Hata kwa meno!"

Wazee wakainuka, shingo upande, kwenda kulirudisha jiwe. Nilidhani Hamutali angenishukuru. Thubutu!

"Miaka mitatu, Elika," akasema. "Mungu aliweza kukungoja. Mizabibu yangu imekauka."