Njiwa wa Shule Langoni

Wakati wa Hali ya Hatari tulihamishiwa kijiji kimoja juu ya Runyenjes, kimezungushiwa handaki lililojaa mianzi iliyochongwa ncha. Lango lilikuwa moja. Shule ilibaki nje, huko kilimani.

Mwalimu wetu alifuga njiwa ndani ya masanduku ya mbao kando ya darasa. Alitufundisha kwamba njiwa aliyezoea kwao, umpeleke utakako, atarudi. Mimi nilibisha. Sokoni, ambako nilimsaidia mama kuuza ndizi, nilikuwa nimeona kuku akiuzwa asubuhi na kufikia mchana hamkumbuki tena aliyemfuga. Mwalimu akacheka, akanipa njiwa mmoja nilale naye nyumbani, nimwachilie kesho yake nijionee.

Asubuhi homgadi, mgambo wa serikali aliyelinda lango, akafunua kiondo changu.

"Kamama, hii nini?"

"Njiwa wa mwalimu, afande. Ni somo. Ukimwachilia anarudi shule."

"Nani alimwonyesha njia?"

"Hakuna. Ni kwao tu."

Akamwita mwenzake. "Kuja uone posta ya msituni! Mwalimu anaandikia watu barua na ndege."

Watoto nyuma yangu walicheka. Mimi sikucheka. Watu walikuwa wamepelekwa kizuizini kwa kuwapelekea wapiganaji wa msituni chumvi na viazi tu, na huyu alikuwa mwalimu, mwenye wino na karatasi.

Nikafanya nililolijua: nikatoa bei. "Afande, mwachilie mwenyewe. Akienda shule, ni wa shule. Akienda kwingine, fanya unavyotaka."

Akakubali upesi, na mnunuzi akikubali upesi ujue umekosea. Njiwa alipopaa ndipo nilipoona kosa langu: ukisimama pale langoni, shule na msitu viko upande mmoja. Akazunguka juu yetu, kisha akanyoosha moja kwa moja kuelekea mlima.

"Umeona?" homgadi akasema, akaweka bunduki begani. "Tangulia. Tusipomkuta huko, leo mwalimu wenu halali kwake."

Njia nzima nilipatana na Mungu. Nilianza na kutobishana tena na mama. Tulipovuka mto nilikuwa nimeshaongeza ndizi zote.

Njiwa alikuwa juu ya sanduku lake, anajisafisha manyoya kana kwamba hana kesi. Homgadi akamweleza mwalimu tulivyopatana langoni, kisha akamshika njiwa, akapekua miguu, akafunua mabawa. Hakukuwa na kitu.

"Basi ni wa shule," akasema, nusu amekasirika.

Nilikuwa karibu kuruka kwa furaha, mwalimu akafungua masanduku yote. "Afande, wachukue. Watoto wako wapate nyama."

"Nikiwachukua si watarudi hapa?"

"Wakichinjwa hawarudi."

Homgadi akateremka na gunia linalotikisika.

"Mwalimu, si tulikuwa tumeshinda?" nikamuuliza. "Mbona umelipa?"

"Huyu amekuja akatazama kwa macho yake. Wa kesho langoni je, atakuja kutazama?" Akapangusa mikono kwenye suruali. "Na ulipokuwa unapatana pale chini, mwanangu, kilichokuwa kinauzwa si njiwa, ni mimi."

Akatuingiza darasani, akafuta ubaoni ndege aliyekuwa amemchora jana, akasema tutoe vitabu vya hesabu. Aliandika swali la kwanza, akalifuta, akaliandika tena.