Mlinzi wa Chemchemi ya Mfalme

Yan Shouli aliirithi kazi ya kulinda chemchemi, kama baba yake na babu yake. Maji yaliyotoka chini ya mwamba wa kijiji chetu yalikuwa mali ya Mfalme. Yaliteremka kwa mtaro wa mawe hadi kwenye mfereji mkuu, yakabeba mashua za nafaka zilizokwenda kulisha mji mkuu kaskazini. Mpaka mashua ya mwisho ya msimu ipite, mkulima hakuruhusiwa kupeleka shambani hata ndoo moja. Mimi nilikuwa jirani yake, ukuta kwa ukuta.

Mwaka ule mvua haikunyesha tangu tulipopanda ngano. Ilipofika mwezi wa nne, majani yalikuwa yamejikunja na masuke hayana kitu. Mdogo wake, Shouben, akamfuata mtaroni na jembe begani.

"Kaka, nusu siku tu. Wewe geuka, tazama milima."

"Wakijua?"

"Kwani mashua zina njaa kuliko wanangu?"

"Usinitie majaribuni. Ukikata ukingo, tutaumia kijiji kizima."

"Basi kaa na maji yako, unywe mpaka upasuke!"

Siku ya tatu yake, adhuhuri, watu wakiwa wanakula, Shouben akaukata ukingo. Shouli aliyaona maji yakipungua mtaroni, akajua. Alimaliza mkate wake na kitunguu chake pole pole, ndipo akaenda kuziba. Hilo aliniambia mwenyewe miaka mingi baadaye.

Huko chini mashua mbili zilikwama topeni. Kesho yake askari walipanda wakifuata mtaro, wakakuta mashamba matatu yamelowa katika bonde lililokauka lote: la Shouben, la bibi mmoja mjane, na langu.

"Mlinzi, nani kakata?" akauliza mkuu wao. "Ukinyamaza, nawafunga wote watatu."

Nilitazama miguu yangu. Shouben naye hakusema kitu. Shouli akainua kidole, akamwonyesha mdogo wake.

Walimvisha Shouben shingoni ubao mzito wenye tundu, wakamsimamisha palepale ukingoni, jua kali, adhabu ya mwezi mzima. Ubao ule ulikuwa mpana, mikono yake haikuweza kufika mdomoni. Mkewe, Lanfen, alikuwa kitandani na uzazi. Shouli ndiye aliyempelekea uji wa mtama.

"Fungua mdomo."

"Nile kutoka mkono huohuo ulioninyooshea kidole?"

"Sina mwingine. Kula."

Siku mbili alitema. Siku ya tatu njaa ikamshinda, akala, akalamba midomo. "Uji wako hauna chumvi, kaka. Hata mwizi ana haki ya chumvi."

Tangu siku hiyo Shouli alitia chumvi. Siku ya kumi na tisa alimkuta ameegemea ukingo, ubao umemkaba, amekufa. Maji yalikuwa yakipita hatua moja kutoka miguuni pake.

Mwaka ule watu walikula magome ya miti, na wengi tuliwazika. Nyumba zetu tatu zilivuna. Nilimpelekea Shouli bakuli la unga. Akalitazama, akaliacha juu ya ukuta mpaka ndege wakalimaliza. Mke wa Shouli alikufa kabla ya majira ya baridi, bila kumwachia mtoto. Shouli aliomba avuliwe kazi, akajibiwa kuwa kazi ya ukoo haivuliwi. Akalinda miaka ishirini mingine, na Lanfen hakumjibu salamu hata mara moja.

Kisha Mto Manjano ukahama njia, mfereji ukajaa mchanga, mashua zikakoma. Hakuna aliyekuja kumwambia Shouli chochote. Alingoja misimu miwili. Msimu wa tatu akachukua jembe, akaukata ukingo mwenyewe mchana kweupe, upande wa shamba la Lanfen.

Lanfen alisimama akiyaangalia maji yanavyoingia kwenye ngano. Alipoona yametosha akaziba kwa udongo, akakung'uta jembe, akapita mbele ya Shouli kwenda zake.

"Hajasema neno," Shouli aliniambia jioni ile.

"Ulitaka aseme nini?"

Shouli nilimzika mimi, mwaka uliofuata.